Kinubi cha London na Kanuni ya Unguja

Katika Mji Mkongwe wa Unguja nyumba ni ndefu na vichochoro ni vyembamba, hata sauti itokayo dirishani huweza kupita nyumba nyingi kabla ya kupotea. Mtu apitaye jioni karibu na nyumba ya chama cha taarabu, wakati wapigaji wanapofanya mazoezi, husikia kwanza ngoma, kwa sababu ngoma hupenya ukuta. Kisha husikia fidla, nazo huwa nyingi, na kodiani yenye sauti kama ya watu wengi waimbao pamoja. Akisimama kidogo na kutega sikio, atasikia kitu kingine chini ya hizo zote: sauti ndogo ndogo, kali na safi, zinazoanguka upesi upesi kama matone ya mvua juu ya bati. Hiyo ndiyo kanuni.

Waunguja wengine huiita ganuni. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Wayunani, nalo ndilo lile lile litumikalo kwa maana ya sheria. Jina hili halikukosea. Katika muziki wa Kiarabu kanuni ndiyo ionyeshayo sauti iliyo sahihi, na wapigaji wa ala nyingine hulinganisha nyuzi zao nayo. Ajabu yake ni kwamba ala hii itoayo sheria kwa wenzake ndiyo yenye sauti ndogo, na kila mara imo katika hatari ya kumezwa nao.

Umbo lake ni kama sanduku bapa la mbao. Ubavu ulio karibu na mpigaji ni mrefu, ubavu wa mbele ni mfupi, ubavu wa kulia umenyooka, na ubavu wa kushoto umekatwa mshazari. Mpigaji huiweka mapajani au juu ya meza. Juu ya sanduku zimelala nyuzi 72, au mara nyingi 78. Upande wa kushoto zimefungwa katika vigingi vya kukazia. Upande wa kulia hupita juu ya daraja jembamba la mti, na miguu ya daraja hilo haisimami juu ya ubao, bali juu ya vipande vya ngozi ya samaki vilivyowambwa kama ngozi ya ngoma. Kwa hiyo kanuni ni ala ya nyuzi, lakini ndani yake mna ngoma ndogo iliyofichwa, nayo ndiyo itiayo ukali katika sauti yake. Zamani nyuzi zilifanywa kwa utumbo wa mnyama. Siku hizi ni za nailoni.

Lakini nyuzi 78 hazitoi sauti 78. Nyuzi tatu zilizo jirani hukazwa mpaka zitoe sauti moja, na mpigaji huzipiga zote tatu kwa pigo moja, hata sauti zote ni 26 tu. Kwa nini kutumia nyuzi tatu mahali pa mmoja?

Mtoto yeyote aweza kuipima habari hii nyumbani. Akikaza uzi wa kuvulia samaki kati ya misumari miwili iliyopigiliwa katika nguzo nene, kisha akaugusa kwa ukucha, atasikia sauti hafifu mno. Akikaza uzi ule ule juu ya sanduku tupu la mbao, sauti itaongezeka. Uzi ni mwembamba, nao peke yake hausukumi hewa nyingi; ubao mpana hutikisika pamoja nao, na hewa nyingi husukumwa mpaka masikioni. Akiongeza uzi wa pili na wa tatu, akavikaza sawasawa na ule wa kwanza, sauti itaongezeka tena. Lakini liko jambo moja ambalo hataliweza. Sauti ya uzi uliopigwa kwa ukucha huanza kufa pale pale ilipozaliwa. Mpiga fidla huvuta upinde wake, na muda wote avutapo sauti hudumu, tena aweza kuikuza kadiri apendavyo. Mpiga nai anayo pumzi yake. Mpiga kanuni akiisha kuugusa uzi, hana la kufanya ila kuugusa mara ya pili.

Kwa hiyo vidole vyake havipumziki. Katika kidole cha shahada cha kila mkono huvaa pete, na kati ya pete na kidole huchomeka kipande chembamba cha pembe, mfano wa ukucha mrefu. Mkono wa kulia hupiga wimbo. Mkono wa kushoto huufuata kwa sauti nzito zaidi, mara pamoja nao, mara nyuma yake kidogo. Akitaka sauti idumu, huupiga uzi mmoja mara nyingi kwa haraka sana, hata sikio hudanganyika na kudhani ni sauti moja iliyovutwa. Tena mkono wa kushoto una kazi nyingine. Muziki wa Kiarabu hutumia sauti zilizo kati ya sauti, ambazo kinanda cha kizungu hakinazo, na karibu na vigingi viko vijiti vidogo vya chuma vya kuinua au kushusha sauti ya nyuzi kwa kiasi kidogo mno. Mpigaji huvigeuza katikati ya wimbo bila ya kusimama.

Kanuni haikuzaliwa Unguja. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alikuwa mtu apendaye mambo mapya. Alileta maji ya bomba mjini, na mwaka 1883 alijenga jumba la Beit el-Ajaib, ambalo sehemu yake ilibomoka mwaka 2020. Alikuwa ameziona nchi nyingi, na mwaka 1875 alifika mpaka Uingereza. Waunguja husimulia kwamba Sultani huyo alimtuma mtu aitwaye Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri ajifunze muziki, na hasa kupiga kanuni. Aliporudi, alipiga mbele ya Sultani na kuwafundisha wengine, na hapo ndipo ulipoanza muziki wa taarabu katika jumba la mfalme. Nyimbo za mwanzo zilikuwa za Kiarabu, na waliozisikiliza walikuwa watu wachache wa daraja ya juu.

Haukukaa huko ndani siku zote. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama chao cha muziki, wakakiita Ikhwani Safaa, yaani ndugu wenye nyoyo safi, na chama hicho kimedumu zaidi ya miaka mia. Baadaye Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa akiuza vyungu, aliutoa muziki huo katika Kiarabu na kuutia katika Kiswahili cha watu wote. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, na sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Mwaka 1958 kilianzishwa chama kingine, ambacho sasa hujulikana kwa jina la Culture Musical Club. Kadiri miaka ilivyopita okestra za taarabu zilizidi kuwa kubwa. Zikaongezwa fidla, zikaongezwa fidla kubwa za sauti nzito, ikaja kodiani. Na kila ala mpya iliyoingia ilikuwa na nguvu kuliko kanuni.

Shida hiyo haikuwapata Waunguja peke yao. Ilimpata mtu mmoja katika mji wa London mwaka 1736, naye alikuwa na kinubi.

Kinubi kinajulikana sana kwa wasomaji wa Biblia, kwa kuwa Daudi alikipiga mbele ya Mfalme Sauli ili kumtuliza. Katika Afrika ya Mashariki pia kiko: Waganda wana kinubi chao chenye nyuzi 8, kiitwacho ennanga, ambacho kilipigwa katika jumba la Kabaka. Kinubi na kanuni ni ndugu. Katika kinubi nyuzi zimesimama hewani, na katika kanuni zimelala juu ya sanduku, lakini vyote viwili hupigwa kwa vidole au kwa kucha, na sauti ya vyote viwili huanza kufa mara izaliwapo.

Wakati ule wa Ulaya, tangu mwaka 1600 hivi hata 1750 hivi, wenye elimu ya muziki huuita wakati wa baroki. Namna moja ya muziki iliyopendwa sana siku hizo ilikuwa koncheto. Katika koncheto mpigaji mmoja hukaa mbele na okestra hukaa nyuma yake. Okestra husema neno lake, kisha hunyamaza au kujipunguza. Yule mmoja hujibu, hulipamba neno lile na kuliongeza. Kisha okestra hurudi. Wimbo wa okestra unaorudi rudi hufanya kazi kama ya kiitikio. Watungaji waliandika koncheto nyingi kwa ajili ya fidla, kwa kuwa fidla huweza kusimama mbele ya wengi ikasikika. Koncheto ya kinubi ilikuwa nadra.

Mtungaji tunayemtaja hapa ni George Frideric Handel. Alizaliwa Halle katika Ujerumani tarehe 23 Februari 1685. Baba yake, aliyekuwa kinyozi na mganga wa kupasua, alitaka mwanawe asome sheria, lakini kijana alishikilia muziki. Alikaa Italia miaka kadhaa, kisha akahamia London, na mwaka 1727 akafanywa raia wa Uingereza. Wakristo wengi humjua kwa ajili ya Messiah, iliyoimbwa mara ya kwanza katika mji wa Dublin mwaka 1742. Katika mwaka 1736 alikuwa ametunga muziki kwa ajili ya utenzi ulioandikwa na mshairi John Dryden mwaka 1697. Utenzi huo wasimulia karamu ya Mfalme Aleksanda Mkuu. Katika karamu hiyo mpigaji aitwaye Timotheo aligeuza moyo wa mfalme kwa muziki wake: mara alimtia kiburi, mara huruma, mara mapenzi, mara hamu ya kulipiza kisasi. Aleksanda aliishinda dunia, na mtu mmoja mwenye nyuzi chache mikononi alimshinda Aleksanda.

Sasa Handel alikuwa na jambo la kufikiri. Watu waliokuja kusikiliza wangeambiwa kwa maneno kwamba Timotheo ameketi juu na vidole vyake vinapita katika nyuzi. Je, wasisikie nyuzi hizo? Basi mara baada ya maneno hayo alitia koncheto ya kinubi, na watu walisikia kwa masikio yao kile walichosimuliwa. Ilipigwa mara ya kwanza tarehe 19 Februari 1736 katika ukumbi wa Covent Garden. Mpigaji husadikiwa kuwa William Powell, mtu wa asili ya Wales, nchi iliyopenda vinubi kuliko nchi nyingi.

Kinubi cha aina hiyo kilikuwa na safu tatu za nyuzi. Safu mbili za nje zilikuwa na sauti zile zile, moja kwa mkono wa kulia na moja kwa mkono wa kushoto. Safu ya katikati ilikuwa na zile sauti za nusu ambazo katika kinanda hutolewa na vibao vyeusi, na mpigaji aliyezitaka alipenyeza kidole kati ya nyuzi za nje. Hapa kinubi hicho na kanuni vyote vina hesabu ya tatu, lakini sababu ni mbali mbali. Kanuni hutumia nyuzi tatu ili kupata nguvu. Kinubi cha Wales kilitumia safu tatu ili kupata sauti nyingi. Nguvu hakikupata. Katika ukumbi mkubwa uliojaa watu, fidla zikivutwa kwa upinde kwa nguvu zote, kinubi kisingalisikika hata kidogo.

Handel angaliweza kuiamuru okestra inyamaze kila kinubi kipigapo. Lakini hapo pasingalikuwa na mazungumzo, maana mtu hazungumzi na watu walionyamazishwa. Alifanya vingine. Fidla alizifunga sauti kwa kibano kidogo kiwekwacho juu ya daraja la nyuzi, hata sauti yake ikawa kama ya mtu asemaye nyuma ya pazia. Ala nzito za chini aliagiza zisivutwe kwa upinde, bali ziguswe kwa vidole, nazo zikawa na tabia ya kinubi chenyewe: pigo, kisha kufifia. Tarumbeta na ngoma hakuzitia. Akaongeza filimbi mbili za mti zenye sauti ya upole, basi. Kinubi hakikuongezewa nguvu yoyote. Walio wengi ndio walioambiwa wajipunguze, kila mmoja kwa njia yake, na bado waendelee kusema.

Muziki wenyewe una sehemu tatu, na zote pamoja huchukua dakika kama 13. Sehemu ya kwanza ni ya furaha iliyotulia. Okestra huanza kwa wimbo mwepesi ambao mtoto aweza kuukumbuka baada ya kuusikia mara moja; kisha kinubi huuchukua wimbo ule ule na kuutawanya katika sauti ndogo nyingi, kama mwanamke atandazaye mchele katika ungo. Sehemu ya tatu ni ya kucheza, nayo hupita upesi.

Sehemu ya katikati ndiyo iliyo ngumu. Ni ya polepole na ya huzuni. Msikilizaji aweza kudhani kwamba kupiga polepole ni rahisi kuliko kupiga mbio, lakini kwa ala ambayo sauti yake hufa upesi ni kinyume. Katika mbio sauti mpya huja kabla ya ile ya kwanza kuisha. Katika upole kila sauti huachwa peke yake, na mpigaji huisikia ikimtoka mikononi. Aweza kuijaza nafasi ile kwa mapambo, naye akizidisha mapambo huharibu huzuni. Kupata kiasi chake ni kazi ya miaka, na mpiga kanuni wa Unguja angemwelewa sana mpiga kinubi wa London katika jambo hili, hata kama hawangeweza kusemezana kwa lugha moja.

Mwaka 1738 John Walsh, mpiga chapa wa London, alitoa kitabu cha koncheto sita za Handel, na hii ya kinubi ikawa ya sita. Lakini juu ya kitabu hakuandika habari za kinubi. Aliandika kwamba ni koncheto za vinanda. Bila shaka aliifikiri biashara yake, maana nyumba zenye kinanda zilikuwa nyingi na wapigaji wa kinubi cha safu tatu walikuwa wachache. Hivyo muziki uliotungwa ili kinubi kisikike ulitoka ulimwenguni kwa jina la ala nyingine.

Na ule muziki wa Kiarabu na Kituruki ulikuwa na mazungumzo yake ya mmoja na wengi. Taarabu ya namna ya zamani hufunguliwa kwa bashrafu, yaani muziki wa ala peke yake usio na maneno. Jina hilo lilitoka kwa Waturuki likapitia Misri. Bashrafu ina sehemu kadhaa, na baada ya kila sehemu hurudi wimbo mmoja uitwao taslimu, kama vile wimbo wa okestra urudivyo katika koncheto. Tena Waturuki wana aina ya bashrafu waliyoipa jina la mnandi, yule ndege mweusi azamaye majini akaibukia mahali pengine. Katika bashrafu hiyo mpigaji mmoja huibuka peke yake kwa muda mfupi, kisha huzama na wengi hurudi, kisha huibuka mwingine. Hakuna haja ya kusema kwamba Ulaya iliiga Uturuki au Uturuki iliiga Ulaya. Watu wakikaa pamoja kupiga muziki, na mmoja wao ana jambo la kusema, njia za kumpa nafasi si nyingi.

Katika okestra ya Unguja nafasi ya kanuni hutolewa kwa namna tatu. Ya kwanza ni ile ya bashrafu. Ya pili ni taksimu: okestra hukaa kimya, na kanuni huenda peke yake bila ya kipimo cha ngoma, ikizitafuta sauti za wimbo utakaofuata, mpaka masikio ya watu yamezizoea. Ya tatu ni ndogo, nayo watu wengi hawaitambui. Mwimbaji akimaliza mshororo na kuvuta pumzi, hubaki pengo fupi. Kanuni huingia katika pengo lile kwa sauti kumi au ishirini, huutia wimbo katika mkono wa mwimbaji tena, na kutoka. Fidla haziwezi kufanya kazi hiyo vizuri, kwa sababu upinde huchukua muda kuanza na kuacha. Kwa pengo dogo, ile sauti ifayo upesi ndiyo ifaayo. Yaliyo udhaifu wa ala mahali pengine ndiyo kazi yake hapo.

Lakini ala haipigwi na historia, yahitaji mikono. Kinubi cha safu tatu kilipata shida hiyo. Mwaka 1810 Sébastien Érard alitengeneza kinubi kipya chenye safu moja ya nyuzi na vikanyagio vya miguu vya kubadili sauti, na wapigaji wa Ulaya wakakifuata. Kinubi cha zamani kikabaki kwa watu wachache wa Wales. Mmoja wao alikuwa Nansi Richards, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufa mwaka 1979. Alijifunza utotoni, akaendelea kukipiga wakati wengine walipokiacha, na akawafundisha waliomjia. Leo wako tena watu wapigao koncheto ya Handel kwa kinubi cha namna ile ile iliyojulikana na Handel, na mkono wa mwanamke huyo una sehemu kubwa katika jambo hilo.

Unguja nako kanuni ilionja shida hiyo. Katika miaka ya 1980 na 1990 vilitokea vinanda vya umeme, na vikundi vya taarabu mpya vikavipokea kwa furaha. Kinanda kimoja cha umeme huweza kuiga fidla, nai, hata kanuni. Hakihitaji kukazwa nyuzi. Mtu mmoja hukibeba kwapani. Na vipaza sauti hukifanya kisikike uwanja mzima. Kununua kanuni ni ghali, tena hutoka nchi za mbali. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na mbao na ngozi hupokea unyevu huo, hata ala iliyolinganishwa asubuhi hukutwa jioni imepotoka. Kiongozi wa kikundi chenye fedha chache akichagua kinanda cha umeme, si haki kumlaumu. Lakini kinanda hicho kikiiga kanuni huzaa sauti 26 zisizo na kosa hata moja, nayo masikio yaliyozoea kanuni huitambua mara moja, kwa sababu nyuzi tatu za kweli hazilingani kamwe kabisa kabisa, na katika tofauti ile ndogo mno ndimo sauti ing'aapo.

Mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza kufundisha katika jumba la forodha ya zamani, mbele ya bahari. Watoto na watu wazima walifundishwa humo udi, fidla, dumbaki na kanuni, na waliofundisha walikuwa wapigaji wa vyama vya taarabu. Wasichana, ambao zamani katika taarabu waliimba lakini mara chache walipiga ala, nao waliketi mbele ya nyuzi. Katika wapigaji wa kanuni wanaojulikana sana ni Rajab Suleiman, aliyepiga miaka mingi katika Culture Musical Club. Baadaye aliunda kikundi kidogo chake, ambamo kanuni haina haja ya kushindana na fidla nyingi, na mwaka 2013 kikundi hicho kilitoa nyimbo zilizoitwa Chungu. Jina la kikundi ni Kithara. Ni neno la Kiyunani, nalo ni jina la kinubi walichopiga Wayunani zamani, siku za Aleksanda na Timotheo.

Usiku wa taarabu, mpiga kanuni hufika mapema kuliko wenziwe. Mpiga fidla ana nyuzi 4 za kukaza, mpiga udi kwa kawaida ana 11, na mpiga ngoma huweza kuipasha ngozi yake moto mara moja akaketi. Yeye ana 78. Hutoa ufunguo mdogo wa chuma, huinamisha kichwa mpaka sikio likaribie nyuzi, na kuanza kwa zile ndefu zilizo karibu naye. Hugusa uzi wa kwanza wa zile tatu, kisha wa pili, husikia mtetemo wa sauti mbili zisizopatana, hugeuza kigingi kidogo sana mpaka mtetemo upungue na kutulia, kisha huugusa wa tatu. Watu huanza kuingia, viti huburutwa, mtu hujaribu kipaza sauti. Ikiwa kelele ni nyingi, hungoja, kisha hurudia nyuzi zile zile alizokwisha kuzikaza. Mpiga fidla wa kwanza, akiwa amesimama na upinde mkononi, humtazama na hasemi neno, kwa maana hataanza kulinganisha fidla yake mpaka mwenziwe afike kwenye nyuzi tatu za mwisho na kumpa sauti.